Aliyeshindilia Risasi za Arlys

Kwa miaka thelathini na mmoja Arlys Brekke alikuwa mlengaji, na mumewe Delmar ndiye aliyekuwa akimshindilia risasi, yaani akimtengenezea kwa mkono moja moja nyumbani. Ndivyo walivyogawana kazi tangu mwaka wa pili wa ndoa yao, kama wengine wanavyogawana nani apike na nani aoshe vyombo. Arlys alijaliwa jicho na pumzi. Delmar alijaliwa subira.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Juni, watu wa mji mdogo wa Bredal na wa mashamba ya jirani hukusanyika nyuma ya kilima cha changarawe, wakalala kifudifudi juu ya mikeka yao, na kila mmoja akapiga risasi ishirini kwenye karatasi iliyosimamishwa yadi mia sita mbele yake. Hiyo ni mashariki mwa jimbo la Montana, Marekani, ambako ngano huanzia mlangoni pa mtu ikaenda kuishia mbinguni, na upepo haumwombi mtu ruhusa. Arlys alikuwa ameshinda mara kumi na moja. Picha zake zilitundikwa ukutani katika mkahawa wa mjini, kuanzia ile ya nywele nyeusi hadi ile ya nywele za mvi. Delmar hakuwemo kwenye picha hata moja, maana mpiga picha alikuwa yeye.

Oktoba iliyopita, Delmar alikuwa bandani akifungua nati ya trekta kiharusi kilipompiga. Arlys alimkuta ameketi chini, ameegemea gurudumu, spana iko mapajani, anatazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mkono wa mgeni. Hospitali walimrudisha nyumbani baada ya wiki tano. Mguu ulirudi kiasi. Mkono haukurudi. Na maneno yote yalikuwemo kichwani, hakuna lililopotea, ila mlango ulikuwa umekwama. Yakawa yanatoka moja moja, tena kwa kusukumwa. Mtu aliyekuwa na mizaha tangu zamani akageuka mtu wa "ndiyo" na "hapana." Wageni walipokuja, aliingia chumbani akajifanya amelala.

Arlys mwenyewe alifanya kazi kwenye ghala la ngano, akipima malori. Siku moja ya Machi, Wendell Stroh alipandisha lori lake kwenye mizani, akashusha kioo. Wendell alikuwa mkulima mnene mwenye sauti ya tarumbeta, na kwa miaka mingi alikuwa mshindi wa pili.

"Haya, mama," alisema. "Juni ndiyo hiyo inakuja. Mwaka huu utapiga kwa nini, kwa manati?"

"Hata kwa manati nitakupita, Wendell. Ondoa lori lako, haliongezeki uzito kwa kukaa."

Wendell alicheka, kisha akateremsha sauti. "Nauliza kweli, Arlys. Risasi za Del zimebaki ngapi?"

"Tisa."

"Nunua za dukani basi."

"Za dukani zinaua kulungu. Hazipigi tundu juu ya tundu."

Wendell hakubisha, kwani naye alijua. Risasi ya kiwandani hutengenezwa iingie kila bunduki, kama suruali ya mtumba iliyokusudiwa kila kiuno. Risasi ya mkono hushonewa bunduki moja tu. Mtu huokota maganda yake mwenyewe baada ya kupiga, akayasafisha, akayarudisha umbo, akaweka fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, akapima baruti punje kwa punje, akapachika kichwa kwa kina kilekile bila kupunguza wala kuzidisha. Kazi si ngumu. Ugumu wake ni kuifanya mara sitini bila mara moja kuwa tofauti na nyingine.

Jioni hiyo Arlys alimwambia mumewe, "Nataka kushindilia mwenyewe. Twende chini unionyeshe."

Delmar alitazama mlango wa ngazi za kwenda chumba cha chini. Akatikisa kichwa. "Ngazi," alisema.

Lakini zile ngazi zilikuwa kumi tu, na mtaalamu wa viungo alikuwa amemfundisha kupanda ishirini. Arlys alielewa kwamba sababu si ngazi, akaacha. Akashuka peke yake.

Chumba kile alikuwa akikifagia kwa miaka yote hiyo bila kukiona. Kulikuwa na meza nzito ya mbao, na mashine ya mkono imefungwa kwa bolti ukingoni. Kulikuwa na mizani ndogo yenye mkono mwembamba kama unyasi. Maganda yalipangwa kwenye visanduku, kila kisanduku na kibandiko cha uzito, mwaka, na idadi ya mara yalizopigwa. Rafu nzima ilijaa madaftari. Na juu ya meza, kwenye ubao, Delmar alikuwa ameandika kwa kalamu nene: KOPO MOJA TU LA BARUTI MEZANI. UKITILIA SHAKA, BOMOA.

"Yesu wangu," Arlys alijisemea. "Niliolewa na mfamasia."

Akaanza kusoma. Kila asubuhi kabla ya kazi alisoma daftari, na kila jioni alimletea Delmar maswali jikoni. Alijifunza kuuliza maswali ya ndiyo na hapana, kama watoto wanaocheza mchezo wa kubahatisha.

"Shingo ya ganda unaipaka mafuta?"

"Ndiyo."

"Ndani na nje?"

"Hapana."

"Hapana ndani, au hapana nje?"

Delmar alifumba macho, akalisukuma neno. "Kidogo. Ndani."

Mwishoni mwa Machi alikuwa na risasi ishirini alizozitengeneza kwa mikono yake, zimepangwa kwenye boksi zinang'aa, na moyo wake ukamdunda kama wa msichana anayepeleka keki yake ya kwanza kanisani. Akaenda uwanjani peke yake, akalala, akapiga. Kisha akatembea hadi kwenye karatasi. Matundu yalijipanga kutoka juu hadi chini kama vifungo vya shati. Urefu wa mstari huo ulishinda kiganja chake mara mbili.

Aliitandaza ile karatasi juu ya meza ya jikoni, kando ya sahani ya Delmar.

"Sema tu," alisema. "Niite mjinga."

Delmar aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba Arlys kuliona jicho lake likifanya kazi. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye tundu la juu, akakishusha taratibu.

"Juu-chini," alisema. Kisha, "Si wewe. Baruti."

"Baruti nilipima! Kila moja! Mizani ilikuwa inasema sawasawa."

"Upepo."

"Upepo unasukuma kushoto na kulia, Delmar, hausukumi juu na chini. Hilo hata mimi ninalijua."

Delmar alitikisa kichwa kwa hasira, si hasira ya kumkasirikia mke, bali ile ya mtu anayesukuma mlango uliokwama. Akanyoosha kidole sakafuni. Akanyoosha tena. "Chini. Upepo. Koti."

"Koti?"

"Koti... langu."

Arlys alikaa akimtazama. Koti. Tangu mwaka ule wa pili wa ndoa yao, Delmar alikuwa akienda chini kushindilia risasi amevaa koti la baridi na kofia ya masikio, hata moto ukiwa umewashwa nyumba nzima. Yeye alimcheka miaka yote, akawahadithia hata marafiki zake wa kanisani kwamba mume wake anavaa koti kwenda kwenye chumba chenye joto. Sasa akainuka, akashuka ngazi mbio, akasimama mbele ya ile meza. Ndiyo. Juu ukutani, hatua mbili tu kutoka kwenye mizani, kulikuwa na tundu la hewa ya moto kutoka kwenye tanuri linalopasha nyumba joto. Aliwasha tanuri, akasubiri. Hewa ilipoanza kupuliza, ule mkono mwembamba wa mizani ukatetemeka, ukapanda unywele mmoja, ukatulia pasipo pake.

Kumbe Delmar alikuwa akilizima tanuri. Kila mara, miaka thelathini na mmoja, alilizima tanuri, akavaa koti, akakaa kwenye baridi akipima punje, kisha akaliwasha tena ili mkewe akiamka akute nyumba ina joto.

Alirudi juu, akasimama mlangoni pa jikoni. "Kwa nini hukuniambia?"

Delmar aliinua bega moja. "Hukuuliza," alisema, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Arlys alishindilia kwa koti na kofia, tanuri limezimwa, na matundu yakaanza kukaribiana. Lakini katika wiki ya tatu ya Aprili alikutana na jambo asilolitarajia.

Alikuwa akitafuta kipimo cha zamani, akafungua daftari la mwaka ule aliofanyiwa upasuaji wa bega. Aliukumbuka vizuri. Daktari alimwambia apumzike mwaka mzima. Yeye akarudi uwanjani baada ya miezi mitano, akapiga, na teke la bunduki halikumuumiza hata kidogo. Alijisifu mbele ya watu wote. "Bega la Mnorwei," alisema, maana wazee wake walitoka Norwei, "limetengenezwa kwa mwaloni." Na akashinda.

Kwenye daftari, kwa mwandiko mdogo wa Delmar, iliandikwa: *Nimepunguza baruti. Kichwa chepesi zaidi. Teke limepungua karibu robo. A. hajui. Upepo utamsumbua zaidi, lakini ataweza.* Wiki iliyofuata: *Amepiga arobaini bila kushika bega. Anadhani amepona. Vizuri.* Na baada ya miezi mingi: *Nimerudisha nusu ya nilichopunguza. Hajagundua.* Akafunua mbele. Ilimchukua Delmar miaka miwili kumrudishia teke lake lote.

Arlys alipanda ngazi na daftari mkononi, uso umemwiva.

"Ulinidanganya."

Delmar aliliona daftari, akajua ni ukurasa gani.

"Mimi najigamba mbele ya kaunti nzima, kumbe unanilisha uji kama mtoto mchanga! Wendell angejua angenicheka mpaka aanguke. Ungeniambia, Delmar. Bega ni langu."

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

Alisukuma. Mshipa ulimtoka kwenye paji la uso. "Nge... ngekuambia. Ungeacha."

Arlys alifungua mdomo apinge, akaufunga. Alijijua. Mwaka ule alikuwa ameogopa kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na kama angeambiwa hata mara moja kwamba anabebwa, angeiweka bunduki kabatini na asiitoe tena. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, magoti yakagusana. Alikuwa bado amekasirika. Hata hivyo aliushika ule mkono wa kulia usiokuwa na habari, akaukalisha mapajani pake, na wakakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Mei ikaja. Jumatatu ya mwisho ya mwezi, sikukuu ya kuwakumbuka askari, ghala lilifungwa, na Arlys akaona ndiyo siku ya kushindilia risasi zote za mashindano: sitini, ishirini za kuhesabiwa na nyingine za kujipima. Alianza saa mbili asubuhi. Maganda mazuri aliyoyahitaji yalikuwa nyuma ya kopo lingine la baruti kwenye rafu. Akalishusha kopo lile mezani ili ayafikie, akasema moyoni nitalirudisha sasa hivi. Simu ikalia juu.

Alikuwa wifi yake, Ardell, dada yake Delmar, na Ardell akipiga simu huwa hapigi simu, huwa anahamia. Alieleza habari za nyonga yake, za mchungaji mpya, za bei ya mayai. Baada ya dakika arobaini Arlys alirudi chini, akaendelea. Alipima, akamimina, akapachika kichwa, akaweka kwenye boksi. Kazi ilikwenda kama maji. Alipomaliza ya sitini, akamwaga baruti iliyobaki kurudi kwenye kopo, akainua macho.

Makopo mezani yalikuwa mawili. Yote yamefunguliwa.

Lile la pili lilikuwa la bunduki ndogo, baruti inayowaka kwa haraka zaidi. Kwa macho zilifanana: vijiti vidogo vyeusi, kama mbegu za karoti. Je, baada ya simu alimimina kutoka lipi? Na ile iliyobaki, aliirudisha kwenye lipi? Alijaribu kuuona mkono wake mwenyewe ukishika kopo, na kila alipojaribu, aliona lile alilotaka kuliona. Huenda zote sitini zilikuwa salama. Huenda thelathini kati ya hizo zingempasulia bunduki usoni. Na zote zilikuwa zimechanganyika kwenye boksi moja, zinang'aa sawasawa.

Hakuna mtu aliyekuwa akimwona. Alitazama ubao wa Delmar. Alitazama kalenda, zilibaki siku tano. Akaichukua ile nyundo ya plastiki inayopachikwa risasi ndani yake, akagonga kwenye gogo. Ta! Ta! Ta! Kichwa kikachomoka, baruti ikamwagika kwenye bakuli. Moja. Akachukua ya pili. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa hasira, na aliyaacha yatoke.

Huko jikoni, Delmar aliusikia mlio. Hakuna mshindiliaji asiyeujua. Ni mlio wa mtu anayebomoa kazi yake mwenyewe. Aliuhesabu. Mmoja mtu anaweza kukosea. Mitatu ni bahati mbaya. Ulipofika wa kumi, aliinuka.

Arlys alisikia kishindo kwenye ngazi, akageuka. Mumewe alikuwa anashuka kwa makalio, kidaraja kimoja baada ya kingine, kama mtoto wa mwaka mmoja, mguu mzima mbele, mkono wa kushoto umeshika ukuta. Alitaka kumkimbilia, lakini kuna kitu usoni pa Delmar kilichomwambia asikimbie. Akamwacha. Daraja la mwisho. Akasimama, akayumba, akafika kwenye meza, akayaona makopo mawili.

Arlys hakujitetea. "Dada yako alipiga simu," alisema tu.

Delmar alitazama boksi. "Ngapi?"

"Sitini."

"Una... bomoa?"

"Zote."

Delmar akavuta kigoda chake cha zamani, akakikalia, na akaanza kucheka. Ilikuwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. "Mimi," alisema akijigonga kifuani. "Mia mbili."

"Wewe? Lini?"

"Ume... umeenda kwa mama yako. Arusi ya... ya..." Akaliacha jina la mwenye arusi. "Mia mbili."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza!" wakasema pamoja.

Baruti ya makopo yote mawili, na ya risasi zilizokwisha kubomolewa, Arlys aliimwaga kwenye bustani ya mboga na kuitawanya kwa reki, kama wafanyavyo watu wa huko, kwani wanasema ni mbolea. Aliporudi chini alikumbuka jambo lingine: dukani hakukuwa na baruti yao tangu majira ya baridi. Mwenye nayo alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Wendell.

"Simwombi Wendell," alisema. "Bora nipige na manati kweli."

Delmar akanyoosha mkono kwenye simu, ambayo Arlys alikuwa ameshuka nayo. Arlys alidhani anataka kumpa yeye. Sivyo. Alibonyeza namba kwa kidole gumba cha kushoto, akaibana simu kati ya bega na sikio. Tangu Oktoba alikuwa hajazungumza na mtu yeyote nje ya nyumba hiyo na hospitali.

"Haloo!" sauti ya Wendell ilisikika chumba kizima. "Nani? ... Haloo? Kama unauza kitu, mimi sinunui!"

"Wendell," Delmar alisema.

"Del?"

"Ba... baruti."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Kisha Wendell akasema, kwa sauti ambayo Arlys hakujua kwamba anayo, "Usikate, mzee. Yaani kata. Nakuja."

Alifika baada ya nusu saa, amekumbatia kopo jipya ambalo halijafunguliwa, kofia mkononi. Alishuka chini bila kukaribishwa, akamkuta Delmar kwenye kigoda. Alimpiga Delmar begani, akajuta kwa kuwa ni bega bovu, akapiga lile zima.

"Mnabomoa?" aliuliza, alipoliona bakuli la vichwa.

"Makopo mawili mezani," Arlys alisema. Aliona afadhali aseme mwenyewe. "Uzembe wangu."

Ulikuwa mwanya wa dhihaka ambao Wendell angeulipia kwa ng'ombe. Lakini alitazama tu zile risasi zilizobaki. "Mwaka juzi," alisema, "niliwahi kutilia shaka boksi moja. Nikalipiga hivyohivyo, nikiwa nimefumba macho." Akavaa kofia. "Msimwambie mke wangu."

Baruti mpya, hata ikiwa ya jina lilelile, hutoka kiwandani na tabia yake. Haifai kumiminwa kwa kipimo cha zamani. Mtu huanza chini, akapanda kidogo kidogo, akisikiliza bunduki. Delmar alishuka kila siku wiki ile, kwa makalio, kisha akapanda vivyo hivyo, na hakutaka msaada. Arlys alimimina; yeye alikagua kila ganda kwa tochi kabla ya kichwa kupachikwa. "Ndiyo. Ndiyo. Hapana." Na kila aliposema hapana, mizani ilimuunga mkono. Alhamisi jioni, jua likiwa bado liko juu, walikwenda uwanjani, Arlys akapiga tano. Matundu yote matano yaliingia chini ya kifuniko cha chupa ya bia, kwa yadi mia. Delmar alikiweka kifuniko juu yake, akakiondoa, akakiweka tena.

Jumamosi, wapigaji walikuwa ishirini na sita. Wanawake wa kanisa walileta kahawa na pai. Delmar alikubali kuja lakini hakukubali kushuka garini. Alikaa amefunga vioo, darubini imeegemezwa dirishani. Arlys alilala zamu moja na Wendell, mikeka miwili kati yao.

Risasi kumi na tatu za kwanza alipiga kama anayeota. Ya kumi na nne, vibendera vya kuonyesha upepo vililala, akadhani upepo umekufa. Kumbe ulikuwa unageuka. Tundu likaenda kulia. Akarekebisha, na upepo ukarudi, la kumi na tano likaenda kushoto. Alijua makosa yake kabla hata ya alama kuonyeshwa. Akapumua, akatulia, akamaliza.

Wendell alipata alama mia moja tisini na nne kati ya mia mbili. Arlys, mia moja tisini na tatu.

Wendell alisimama, akafuta magoti, hajui afurahi vipi. Miaka yote alikuwa ameisubiri siku hiyo, na sasa imemjia kwa baruti ya kopo lake mwenyewe. "Nilikupa kopo baya," alisema.

"Hukunipa kopo baya. Njoo uone."

Karatasi zilipoletwa, Arlys alimwonyesha. Matundu yote ishirini yalilala kwenye mstari mmoja mwembamba wa kutoka kushoto kwenda kulia, kama shanga kwenye uzi. Juu na chini hakukuwa na kosa hata la upana wa kiganja. Makosa yalikuwa ya kushoto na kulia peke yake.

"Risasi hazikukosea," Arlys alisema, akainua sauti ili na wengine wasikie, maana walikuwa wamekusanyika. "Upepo niliusoma vibaya mimi. Na zile mara kumi na moja mlizonipigia makofi, mlipaswa kumpigia makofi mtu mwingine pia. Yuko kwenye gari lile pale, amefunga vioo kwa kiburi."

Wendell aliichukua ile karatasi, akaenda nayo hadi garini, akagonga kioo. Delmar akakishusha kidogo sana. Wendell akaipenyeza karatasi kwenye upenyo ule, kama barua.

"Del, ukiangalia mstari huu halafu ukaangalia wangu, mimi nimeshinda kwa bahati. Wangu uko juu-chini kama ngazi ya kuku. Nije kwako unionyeshe cha kurekebisha?"

Delmar aliitazama karatasi, kisha akamtazama Wendell. Akafungua mlango. Ilimchukua muda kutoa mguu, muda mwingine kusimama, na watu wote wakajifanya wanatazama pai. Aliposimama wima, amejishikilia kwenye mlango, alitoa sentensi nzima, neno baada ya neno, na hakuna aliyemsaidia kuimalizia.

"Wewe," alisema, "una... shindilia... kama mtu... anayelisha... kuku."

Wendell alicheka mpaka akainama. Uwanja mzima ukacheka naye. Arlys hakucheka, alikuwa akihesabu maneno, na yalikuwa sita.

"Alhamisi basi?" Wendell aliuliza akijifuta macho. "Nije Alhamisi?"

"Alhamisi," Delmar alisema. "Lete... koti."